Jedwali la Excel Halitoshi Stoo

Hoja kwamba jedwali la Excel linatosha kutunza hesabu ya vijenzi vya elektroniki inasahau kwamba rezista mbili za omu 10,000, moja yenye urefu wa milimita 1.6 na nyingine milimita 1.0, haziwezi kubadilishana nafasi kwenye bodi, ingawa jedwali lililojazwa harakaharaka huzihesabu kuwa kitu kimoja. Chipu ya daraja la 3 la unyevu, yaani inayodhurika ikifyonza mvuke, kwa kawaida hupewa saa 168 tangu mfuko wake kufunguliwa hadi kulehemiwa, na jedwali, masikini, halimkumbushi mtu. InvenTree, programu huria ya kusimamia stoo, huhifadhi namba ya mtengenezaji, shehena na rafu. Kwa kuwa ni huria, kisingizio cha bei ya leseni hakina mashiko.