Pikapu, Jeneza na Turubai



Ndugu wasomaji, safu hii imezoea kuzungumza juu ya mirathi, mahari na malezi. Wiki hii inashuka hadi uani mwa msikiti, ilipoegeshwa pikapu. Tangu ilipojulikana kwamba kamati yetu imepata mfadhili wa kununua kifuniko cha bodi yake, tumekuwa tukiulizwa swali lile lile na watu wa namna mbalimbali: muuza nafaka, mwenye shamba la mihogo, na mama mmoja ambaye mumewe hubeba bidhaa za duka asubuhi na watoto wa shule jioni katika bodi ile ile. Wote wanataka kujua wanunue kifuniko cha aina gani. Tumeona ni heri tujibu mara moja, na kwa urefu kidogo, kwa kuwa sisi wenyewe tulikaribia kukosea vibaya.

Pikapu yetu ni Hilux ya kabini mbili yenye injini ya petroli, iliyowekwa wakfu na familia ya marehemu mmoja wa mtaani kwetu. Hubeba mikeka na vipaza sauti siku za hafla, tende na unga katika Ramadhani, mbuzi katika Idi ya kuchinja, na jeneza siku yoyote ambayo Mwenyezi Mungu amemwita mja Wake. Kwa miaka yote hiyo bodi yake ilikuwa wazi.

Katika Ramadhani iliyopita mvua ilitukuta njiani. Turubai tulilokuwa nalo ni lile jepesi la plastiki, la rangi ya buluu, linalopatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Turubai la namna hiyo halistahimili jua letu kwa muda mrefu. Nyuzi zake hukauka na kuanza kukatika moja moja. Tena tulilitandika bapa juu ya mzigo, bila kitu cha kulinyanyua katikati. Maji yakatuama, uzito wake ukalizamisha, na pale lilipogusa kona ya kiroba likapasuka. Viroba sita vya unga wa ngano viliharibika kabla ya kufika stoo. Ulikuwa unga wa sadaka. Aliyeutoa alikwisha kuutoa, na walioutarajia walikuwa wakisubiri futari. Aliyesimama katikati, mwenye amana mkononi, ni sisi.

Habari hiyo ilimfikia muhisini mmoja, naye akaahidi kutununulia kifuniko kigumu cha alumini, cha kukunja mara tatu, kinacholala sawasawa na kingo za bodi na kufungwa kwa ufunguo. Alikwisha kukiona dukani. Ni kitu cha kupendeza kwa kweli: cheusi, bapa, gari lote hubadilika sura. Tulikaa kikao kimoja, tukamshukuru, na tulikuwa tumebakiza kusoma dua ya kufunga kikao pale mzee wetu anayesimamia mazishi alipouliza, kwa sauti yake ya chini, "Na maiti atalala wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulitoka nje na futi ya fundi.

Bodi ya pikapu ya kabini mbili kama yetu ina urefu wa takriban futi tano. Ile ya kabini moja hukaribia futi saba na nusu, ndiyo maana wachukuzi wa mizigo mirefu huipenda. Jeneza letu ni futi saba kamili. Kwa hiyo siku zote tumekuwa tukiteremsha mlango wa nyuma wa bodi na kulikalisha jeneza mpaka juu ya mlango huo. Urefu basi una namna yake. Kimo hakina. Upinde wa mbao unaoshikilia shuka juu ya maiti hupanda kupita kingo za bodi, na kifuniko kinacholala juu ya kingo hizo hakiwezi kufunga juu yake. Kikikunjwa kuelekea mbele, vipande vyake hurundikana juu ya sehemu ya mbele ya bodi, na hapo ndipo kichwa cha jeneza hukaa. Vipo vifuniko vya kukunja vinavyoweza kusimamishwa wima nyuma ya kioo cha kabini. Kile alichokiona muhisini wetu hakikuwa cha namna hiyo.

Basi kifuniko kigumu kina ubaya gani? Hakina ubaya wowote kwa mwenye kukihitaji. Fundi umeme anayelaza zana zake garini, au mwenye duka anayepita Kariakoo na mzigo wa simu na betri, hana kifuniko kilicho bora zaidi kwake. Kisu hakikipenyi, ilhali kile laini cha kuviringisha, kilichoshonwa kwa vinaili, hufunguliwa na wembe. Ila mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba mlango wa nyuma wa bodi yake una kufuli, maana tumewaona watu waliotumia fedha nyingi kuufunga juu huku mlango ukivutwa na mtoto. Pia asiamini akiambiwa kwamba maji hayaingii kabisa. Mvua huzuilika, maji yanayorushwa na magurudumu hupita kwenye upenyo wa mlango, na huko huhitajika ukanda wa mpira unaouzwa peke yake. Vile vinavyojivuta ndani ya kasha kama mlango wa duka vina mirija ya kutolea maji pembeni. Mirija hiyo ikizibwa na vumbi letu, maji hurudi juu ya mzigo. Lile kasha nalo hula nafasi ya mbele ya bodi.

Wasomaji wa pwani tuwaambie jambo moja zaidi. Kataeni kifuniko kinachotaka bodi itobolewe, ikiwa kipo cha kubana kwa vibanio. Kila tundu jipya katika bati ni mlango wa kutu, na hewa ya bahari haihitaji kualikwa mara mbili.

Tulibaki na kanopi, ile ya faiba yenye kimo cha kabini na madirisha pembeni. Jeneza linaingia bila shida, na kimo si tatizo tena. Uzito wake ni kama wa mtu mzima au zaidi, na uzito huo hutolewa katika mzigo ambao gari lingeubeba, lakini hilo tungelivumilia. Nusu ya wajumbe waliipenda. Mmoja alisema maneno ambayo wengi tulikuwa tukiyawaza: "Na watoto wa madrasa watakaa humo bila kunyeshewa."

Hapo ndipo tulipolazimika kusimulia jambo ambalo tungependa lisisimuliwe.

Mwaka juzi tuliwapeleka watoto wa madrasa Bagamoyo, wakaone magofu ya Kaole na msikiti wake wa kale. Kumi na wawili walikaa katika bodi, juu ya mikeka, na ustadhi wao pamoja nao. Kurudi, mvua ikaanza. Tulilishusha turubai juu yao, tukalifunga mbele na pembeni, na nyuma tukaliacha wazi ili wapate hewa. Tuliona tumefanya busara. Tulipofika, watoto watatu walishuka wakilalamika kichwa, wawili walitapika, na mmoja, wa miaka saba, alikuwa amelala usingizi mzito kiasi kwamba tulimtingisha zaidi ya mara moja ndipo akafumbua macho. Tulisema ni uchovu. Tulisema ni mashimo ya barabara. Tuliilaumu pia chapati ya asubuhi, masikini, iliyopikwa na mama zao kwa usafi wote. Alhamdulillahi, kesho yake wote walikuja darasani.

Ni miezi mingi baadaye daktari mmoja miongoni mwa waumini wetu aliposikia kisa hicho kikisimuliwa kama kichekesho, naye hakucheka. Alitueleza kwamba gari linapokwenda mbio, hewa iliyo nyuma yake hupungua mgandamizo, na moshi wa ekzosi badala ya kubaki nyuma huvutwa na kuingia ndani kupitia ule uwazi wa nyuma. Mbele na pembeni pakiwa pamefungwa, moshi hauna pa kutokea. Ndani ya moshi huo, hasa wa injini ya petroli, imo gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu huishiwa na hewa ilhali anapumua vizuri. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na watoto hutangulia kudhurika kwa sababu hupumua haraka kuliko sisi. Aliongeza kuwa wapo waliokufa hivyo chini ya kanopi nzuri kabisa, wakiwa wamelala juu ya godoro, wakidhaniwa wanastarehe.

Kwa hiyo ule uwazi tuliouacha kwa huruma ndio uliokuwa ukiwalisha sumu. Wazazi wao tuliwaendea nyumba kwa nyumba, imamu na sisi, tukawaeleza na kuwaomba radhi. Baba mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama bado kuna safari ya mwaka huu. Tukamjibu kwamba ipo, lakini kwa basi dogo la kukodi, hata kama italazimu kuahirishwa mpaka michango itimie.

Baada ya hapo kanopi haikuwa na mtetezi. Kitu chenye paa na madirisha huonekana kama chumba, na chumba huita watu. Leo tutasema ni marufuku. Keshokutwa itanyesha, kutakuwa na akina mama watano wenye watoto wachanga wanaorudi mazikoni, na atapatikana mtu mwenye moyo mwema wa kuwafungulia.

Tuliyemhofia zaidi ni muhisini. Fedha yake aliitoa kwa sharti la kitu mahususi, na kamati haina haki ya kuigeuza kwa sababu tu imepata wazo inaloliona bora; sharti la mtoaji huheshimiwa mpaka mwenyewe alilegeze. Tulimwendea baada ya Alasiri, tukiwa na vipimo tulivyoviandika kwenye karatasi. Tulimweleza habari ya urefu, ya kimo, ya upinde wa jeneza. Aliitazama karatasi, akairudisha. "Basi nunueni kile nitakachopita mimi chini yake," akasema, na akatuagizia chai.

Tumenunua turubai. Si la buluu: ni lile zito lililopakwa plastiki pande zote mbili, la rangi ya kijivu, lenye matundu yaliyovikwa pete za shaba kila baada ya futi moja. Fundi wa Gerezani ametupindia mabomba matatu ya chuma kwa umbo la upinde, yanayochomekwa katika soketi zilizobanwa kwenye kingo za bodi na kuchomolewa bila zana. Upinde wa katikati umezidi wenzake kimo kwa inchi mbili ili maji yateremke mbele na nyuma, yasituame. Pande zote hukunjwa juu na kufungwa kwa mikanda. Siku ya unga hushushwa zote nne. Siku ya mbuzi huachwa zote juu, maana mnyama aliyefungiwa katika joto hafiki machinjioni mzima. Siku ya jeneza hubaki paa peke yake. Gharama yake haikufika nusu ya kile cha alumini, na muhisini ameagiza kilichobaki kinunuliwe unga.

Kamba tumeziacha. Tunatumia mikanda yenye vifungo vya kukaza, kwa sababu kamba hulegea, na turubai lililolegea hupigwa na upepo mpaka lijichane lenyewe. Muuza nafaka wetu akitaka kutuiga, akumbuke kuchukua vipimo vya bodi yake mwenyewe, kuanzia ukuta wa mbele hadi mlango wa nyuma, na upana kati ya vibanda vya magurudumu. Magari mawili ya jina moja huweza kutofautiana. Na yule mama aliyetuuliza juu ya mumewe, jibu letu kwake ni kwamba kifuniko chochote atakachokichagua kitafaa kwa bidhaa. Watoto wakae kabini, au wapande daladala.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haijalimaliza. Ni desturi ya wazee wetu wanne kukaa kandokando ya jeneza mpaka makaburini, na wanaiona kuwa heshima ya mwisho kwa marehemu. Tumewaomba wakae kabini. Wawili wamekubali. Wawili wanasema pande zikikunjwa juu hewa inapita, na kwamba wao si watoto. Daktari ameombwa aje azungumze nao Ijumaa hii, baada ya Swala.