Mahindi Yenye Kuvu: Mchuma Janga Hula na wa Kwao

Kila baada ya mavuno kuna swali ambalo huwa hatuulizani. Yale mahindi yaliyoota kuvu, ambayo mama ameyachagua na kuyaweka kando, huenda wapi? Ni wachache mno wanaoyatupa. Mengine humwagiwa kuku, mengine hutiwa katika chakula cha ng'ombe wa maziwa, mengine hutengenezewa busaa, na yaliyobaki huuzwa kwa bei ya chini kwa mtu ambaye umaskini haumruhusu kuchagua. Tunajiambia kuwa tumeepuka hasara. Kwa maoni yangu kama daktari, hasara hiyo hatujaiepuka. Tumeisukuma mbele kidogo tu, nayo itarudi mezani petu.

Kuvu ninayoizungumzia huitwa Aspergillus flavus. Hukaa udongoni na hupenda joto, unyevu na mimea iliyodhoofishwa na ukame. Ikiingia katika mahindi au njugu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mnamo 1960. Walikuwa wamelishwa chakula kilichochanganywa na njugu zenye kuvu.

Hapa kwetu sumu hiyo haikuishia kwa ndege. Mwaka 1981 iliua watu 12 katika Wilaya ya Machakos. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Macho yaligeuka manjano, tumbo likafura, na ini likaacha kufanya kazi. Mahindi yaliyowadhuru hayakutoka mbali. Yalikuwa yamevunwa mashambani mwao, na wengi waliyahifadhi ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu.

Hicho ndicho kifo cha haraka, ambacho huandikwa magazetini. Kile kinachonitia wasiwasi zaidi ni kifo cha polepole, kisichoandikwa popote. Ili ukielewe, hebu tuingie ndani ya ini.

Ini ni kama jiko na jaa la mwili kwa pamoja. Chembechembe zake hupokea kila tunachokula na kujaribu kuvunja kilicho kibaya ili kitolewe nje. Aflatoksini inapofika, vimeng'enya vya ini huishughulikia kama sumu nyingine yoyote. Lakini hapa mlinzi humpa mwizi panga. Katika kuivunja, vimeng'enya huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, ambacho hung'ang'ania kwenye DNA, yaani ule uzi wenye maagizo yote ya chembe. Chembe inapojigawa na kunakili maagizo hayo, herufi moja huweza kunakiliwa vibaya.

Herufi moja ni kitu gani, utauliza? Kuna jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia chembe iliyoharibika isiendelee kuzaana. Tuseme ni breki. Mnamo 1991 watafiti waliochunguza saratani ya ini kutoka Qidong, nchini China, walipata kwamba katika vivimbe 8 kati ya 16, jeni hiyo ilikuwa imeharibika mahali pale pale, kwa herufi ile ile. Mwaka huo huo, uchunguzi wa wagonjwa wa kusini mwa Afrika ulionyesha alama hiyo hiyo. Mwizi alikuwa ameacha alama za vidole. Breki ikikatika, chembe huzaana bila mpango, na hiyo ndiyo saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1987.

Isitoshe, sumu hii ina mwenzake. Uchunguzi uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai, na ambao matokeo yake yalichapishwa 1994, ulionyesha kwamba mtu mwenye dalili za aflatoksini katika mkojo alikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3 kuliko asiye nayo. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B alikuwa na hatari ya mara 7. Lakini aliyekuwa na vyote viwili, hatari yake ilifika karibu mara 60. Virusi husababisha chembe za ini kufa na kulilazimisha ini lizalishe nyingine kila mara, na kila chembe inapojinakili, sumu hupata nafasi ya kuharibu herufi nyingine.

Sasa nisikilize kwa makini, kwani hapa ndipo wengi hujidanganya. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Maji huchemka kwa digrii 100, nayo aflatoksini hustahimili moto wa zaidi ya digrii 200. Ugali, uji na githeri haziwi salama kwa kukaa motoni. Kuchachusha busaa hakuifanyi kuwa salama. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa karibu na ganda, lakini hakuimalizi. Naye ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo hutoa sehemu ya sumu katika maziwa yake. Mtoto uliyemwepusha na ugali mbovu ataipokea kikombeni.

Macho nayo hayatoshi. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja. Hiyo ni sawa na gramu moja ya sumu ndani ya tani 100 za mahindi, yaani zaidi ya magunia 1,100 ya kilo 90! Hakuna jicho la mama linaloweza kuona hivyo. Kuchagua punje mbovu ni lazima na kunasaidia, lakini punje inayong'aa huenda ikawa na sumu pia.

Hii ndiyo sababu napinga vikali ile desturi ya kumtwika mama wa nyumbani mzigo huu peke yake. Baada ya maafa ya 2004, wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi kutoka masoko 65 ya maeneo yaliyoathirika na yaliyo jirani. Zaidi ya nusu zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, ambacho kilikuwa sehemu 20. Mama aliyenunua hapo angejuaje? Mnamo Machi 2021 serikali ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hii, kisha ikalegeza amri baada ya siku chache. Kufunga mpaka hakukaushi mahindi ya Makueni.

Nionavyo mimi, kukausha na kupima mahindi ni huduma ya afya, sawa na kutia dawa katika maji ya mfereji. Halmashauri ya nafaka, NCPB, ina mashine za kukausha, lakini mkulima mwenye magunia matatu hawezi kukodi gari hadi huko. Mashine zimfuate hadi sokoni. Vipimo vifike kwenye vinu vya kusaga mtaani, wala visiishie kwenye viwanda vikubwa. Na mahindi yakipatikana na sumu, mwenyewe afidiwe kwa mahindi mazuri. Utasema, "Daktari, pesa zitatoka wapi?" Mwaka 2004 chakula kingine kiligawiwa katika sehemu zilizoathirika, lakini ni baada ya watu kuanza kufa. Tusipomfidia mwenye njaa, hatatupa mahindi yake, na siwezi kumlaumu. Mtu haogopi saratani ya miaka 20 ijayo wakati watoto wanalia leo.

Na wewe msomaji, usingoje serikali. Ukivuna, usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Tandika turubai. Yakaushe hadi unyevu uwe asilimia 13.5 au chini yake. Kama huna kipimo, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha ungoje dakika 15. Chumvi ikishikamana na chupa, rudi juani. Isiposhikamana, anika siku nyingine mbili tatu, kwa kuwa njia hii haiwezi kutambua unyevu mdogo. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Yale yasiyopitisha hewa ni bora, lakini usiyajaze mahindi mabichi. Uliza afisa wa kilimo kuhusu Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayonyunyizwa shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili ichukue nafasi ya ile mbaya.

Aidha, hakikisha mtoto amepata chanjo zake za wiki ya 6, 10 na 14, kwani ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B. Chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wote nchini mwishoni mwa 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, nenda ukapimwe na, kama huna virusi, uchanjwe.

Kule Qidong watu waliacha kula mahindi na kugeukia wali, na vifo vya saratani ya ini vikaanza kupungua hata kabla ya waliochanjwa utotoni kufikia umri wa kuugua. Sisi hatutaacha ugali, wala sikuombi uache. Dawa ya kuitoa sumu hii mwilini sina, na daktari mwingine yeyote hana. Ndiyo sababu nakuomba jambo moja: mahindi ambayo usingempa mwanao, usimpe ng'ombe, usimpe kuku, na usimuuzie jirani. Mchuma janga hula na wa kwao.