Kikaragosi Kimekuwa Bei Rahisi, Kukirusha Bado Ghali



Wiki mbili zilizopita nilifunga madaftari ya sheria ya ushahidi, nikamwita mdogo wangu sebuleni. Nikamwambia avae nguo za kubana, asimame mbele ya ukuta mtupu, atembee kama mtendaji anayekuja kudai michango. Simu nikaiegemeza kwenye ndoo. Nikarekodi.

Hii kitu inaitwa kunasa mwendo. Mtu anatembea, kompyuta inasoma viungo vyake, kikaragosi kinatembea vilevile. Kwenye studio kubwa muigizaji huvalishwa vazi lenye alama maalumu na kuzungukwa na kamera nyingi. Sisi wa uswahilini tuna simu, laptopu iliyochoka na programu za bure. FreeMoCap inakadiria viungo kutoka kwenye video ya kawaida, kisha unamalizia Blender. Filamu ya Flow, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender hiyohiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mtendaji wetu anatembea mikono nyuma, tumbo mbele. Kamera isipoiona mikono, programu inabahatisha, basi mikono ikawa inaruka hadi kichwani. Miguu nayo ikateleza kama sakafu imemwagiwa sabuni. Nikaazima simu ya mama, nikaiweka ubavuni. Nikachapisha karatasi ya mirabaraba ili kamera zote mbili zijue zimekaa wapi, dogo akapiga kofi moja ili nioanishe video. Safari hii mikono ikatulia. Miguu nikairekebisha kwa mkono, usiku kucha. Gharama yote: bando na karatasi moja.

Tulicheka mpaka mama akaamka. Halafu dogo akaniuliza: "Dada, hii ukiiweka mtandaoni, hawatakuja kuuliza nani alitembea?"

Sikuwa na jibu. Na mimi ndiye ninayesoma sheria.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Lakini Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipokuja mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya kila mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, ila wazo lilelile limebaki: kwanza ruhusa, ndipo useme. Na ruhusa yenyewe inaweza kuchukuliwa. Oktoba 2024, TCRA ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications. Kisa? Katuni ya The Citizen iliyoonesha mwanamke akitazama runinga, na humo watu wanalilia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Kampuni kubwa yenye mawakili ilifungiwa kwa sababu ya katuni. Je, mimi na ndoo yangu?

Wapo watakaosema katuni inaweza kumchafua mtu. Ni kweli kabisa. Anayeona amechafuliwa aende mahakamani, alete ushahidi, na mimi nijitetee mbele ya hakimu. Si sawa anayekushtaki, anayekuhukumu na anayekufungia wawe ofisi moja.

Kwa hiyo tukidai mabadiliko ya sheria, tusiishie kwenye magazeti na mikutano. Tudai na hili: kijana anayetengeneza katuni asihitaji leseni ili awacheke wakubwa, na mdhibiti asifungie chombo kabla mahakama haijasema neno.

Na sisi wenyewe tuwe waungwana. Anayekukopesha mwendo wake umuombe ridhaa, umwambie kazi inakwenda wapi. Kikaragosi kionekane kuwa ni kikaragosi, tusimtengenezee mtu video ya uongo tukaiita ushahidi. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewapa fimbo ya kutuchapia.

Video yetu ina sekunde 40. Bado iko kwenye laptopu. Dogo yuko kidato cha nne, sina haki ya kumuingiza kwenye hatari asiyoichagua. Nitamtoa yeye, nitatembea mwenyewe: mikono nyuma, tumbo mbele. Halafu nitairusha. Akija mtu kuuliza nani alitembea, jibu ninalo.