Zamu ya Alfajiri Katika Delta ya Rusizi

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Hata hivyo, si kila mwenye macho huona. Watu wengi wa Bujumbura wamepita barabara ya Gatumba mara zisizohesabika, wakienda mpakani au wakirudi na bidhaa zao, bila kujua kwamba upande wa ziwa, nyuma ya matete, pana mahali ambapo ndege wa Afrika na ndege wa Ulaya hukutana kila mwaka. Huo ni mkusanyiko mkubwa, nao hufanyika kimya kimya, karibu kabisa na mji.

Mtazamaji wa ndege si mtaalamu wala mwindaji. Ni mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na jamaa zake, ambaye katika siku ya mapumziko huchukua darubini, kamera na daftari akaenda kuwatazama ndege kwa ajili ya kuwajua tu. Aghalabu huchagua Jumapili, kwa kuwa asubuhi ya Jumamosi nchini Burundi ni ya kazi za pamoja za jamii. Huondoka mjini kungali giza. Safari si ndefu, ni kilomita 15 hivi. Jua la Bujumbura huchelewa kuonekana kwa sababu milima ya mashariki hulikinga. Mwanga wa kwanza huangukia vilele vya Kongo, ng'ambo ya ziwa juu ya Uvira, kisha huteremka polepole hadi majini. Mpiga picha anayeelekea magharibi wakati huo huwa amelipa jua mgongo, na hilo ndilo alitakalo, maana mwanga unapaswa kumwangukia ndege, si lenzi.

Mahali penyewe pana historia ya kutazama. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hupita katika mipaka ya Kongo, Rwanda na Burundi, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Wenyeji walilijua jambo hili tangu zamani, lakini wageni waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile walitamani mto huo uwe unatoka ziwani kuelekea kaskazini. Burton na Speke walipofika pande hizo mwaka 1858 waliambiwa na wenyeji kwamba Rusizi huingia ziwani, wasiweze kufika kuuona. Ubishi ukaendelea miaka 13, hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia mpaka mdomoni mwa mto wakayaona maji yakiingia. Maneno mengi yalikatwa na asubuhi moja ya kutazama.

Leo sehemu hiyo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, inayosimamiwa na Ofisi ya Burundi ya Kuhifadhi Mazingira. Hifadhi ina sehemu mbili: delta yenyewe iliyo kando ya ziwa, na msitu wa mikoche ulio juu zaidi, kwenye barabara ya Cibitoke. Mwaka 2002 Burundi ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, ambao ni mapatano ya mataifa ya kulinda ardhi zenye maji, na delta ya Rusizi ikaandikishwa miongoni mwa ardhi hizo.

Mtu anayefika kwa mara ya kwanza huanza na ndege wasio na haya. Yangeyange hutembea miguuni mwa ng'ombe wakidaka wadudu wanaoruka. Mnandi husimama juu ya mti mkavu akiwa amekunjua mabawa yake ili yakauke. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani kama aliyening'inizwa kwa uzi, kisha huanguka majini kama jiwe na kuibuka na dagaa mdomoni. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, hupaza sauti ambayo wavuvi wote wa ziwa wanaijua. Katika msitu wa mikoche huruka teleka, ndege mwembamba ambaye hugundisha kiota chake kwa mate upande wa chini wa kuti, na mayai nayo huyagundisha vivyo hivyo, hata upepo ukilitikisa kuti mayai hayadondoki. Kuanzia Oktoba huwapo pia mbayuwayu na ndege wengine waliokimbia baridi ya Ulaya. Kufikia mwezi wa Aprili wengi wao huwa wamekwisha kurejea.

Askari aliyewahi kukaa lindoni anazo tayari sifa tatu za mtazamaji hodari. Ya kwanza ni kutulia: ndege huogopa mwendo kuliko umbo, na mtu aliyekaa kimya kwa nusu saa husahauliwa. Ya pili ni kukagua kwa utaratibu, kutoka karibu kwenda mbali, na kutoka upande mmoja hadi wa pili, badala ya kurusha macho ovyo. Ya tatu ni kuandika mara moja aliyoyaona, kabla kumbukumbu haijaanza kuyapamba. Nguo ziwe za rangi iliyofifia, lakini si sare, maana sare ni ya kazini. Darubini yenye kukuza mara 8 inatosha, na asiye na kamera ya lenzi ndefu aweza kuweka simu yake kwenye jicho la darubini na kupata picha ya kutambulisha ndege.

Ikumbukwe pia kwamba delta ipo karibu na mpaka. Mtu mwenye darubini na kamera mahali kama hapo huweza kutiliwa shaka, na askari anayemtilia shaka hana kosa. Kwa hiyo mtazamaji mwenye adabu hujiandikisha langoni mwa hifadhi, huwa na kitambulisho chake, wala haelekezi lenzi yake kwenye daraja, kizuizi, uwanja wa ndege au askari walio kazini. Naye askari akitaka kuhakikisha, na aombe kuliona daftari. Mtu anayetazama ndege kwa kweli huwa na daftari lililojaa ndege, tena wengi wao yangeyange.

Kati ya ndege wote wa delta, mmoja huwavuta wapiga picha kuliko wengine. Ana mgongo mweusi, tumbo jeupe na mdomo mwekundu, na mdomo huo ni wa ajabu, kwani sehemu ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Huruka chini sana juu ya maji matulivu, mdomo wazi, sehemu ya chini ikiyakata maji kama jembe linavyokata udongo. Samaki akiguswa, mdomo hufumba. Ndege huyu hujenga maskani yake juu ya mafungu ya mchanga, na hutaga wakati wa kiangazi, maji yanapopungua. Hana kiota cha majani. Mayai hulala katika kishimo kidogo, yakiwa na rangi ya mchanga wenyewe. Jua linapokuwa kali, mzazi hulowesha manyoya ya tumbo majini akarudi kuyapoza mayai.

Hapa ndipo mapenzi ya ndege hupimwa. Mpiga picha anayetaka kusogea hatua kumi zaidi huwarusha wazazi, nao wakiwa angani mayai hubaki juani bila kivuli wala maji. Aidha, mguu wake waweza kuyakanyaga asiyaone. Mwenye picha nzuri atarudi nyumbani akisifiwa, na hakuna atakayejua kwamba nyuma yake vifaranga wa mwaka ule wamekufa. Kanuni ni rahisi: ndege akiacha kula na kuinua kichwa, mtu amekwisha karibia kupita kiasi, naye arudi nyuma. Asikate tawi ili kiota kionekane, wala asimtangazie kila mtu mahali kilipo.

Kanuni ya pili ni ukweli wa daftari. Kila anayeonekana aandikwe kwa tarehe, saa, mahali na idadi, na penye shaka iandikwe shaka. Kuna mfano mchungu wa mtu aliyeivunja kanuni hiyo, naye alikuwa mwanajeshi. Richard Meinertzhagen, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1878, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1902 kutumika katika jeshi la King's African Rifles. Ndiye aliyehusika na kuuawa kwa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905, katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani. Baadaye alipata sifa kubwa ya ujuzi wa ndege, na mkusanyo wake ukawekwa katika jumba la makumbusho mjini London. Alifariki mwaka 1967 akiheshimiwa. Mwaka 1993 mtaalamu Alan Knox alionyesha kwamba ndege kadhaa wa mkusanyo huo walikuwa wameibwa kutoka mikusanyo ya watu wengine na kubandikwa vibandiko vya uongo, na wachunguzi waliofuata wakagundua udanganyifu zaidi.

Uongo huo haukuwa wa karatasi tu. Bundi mmoja mdogo wa India alikuwa hajaonekana kwa hakika tangu mwaka 1884, na kibandiko cha Meinertzhagen kilidai kwamba alimpata mwaka 1914 mahali fulani. Mtaalamu Pamela Rasmussen alipothibitisha kwamba kibandiko hicho ni cha uongo, yeye na wenzake waliacha kukifuata, wakaenda kutafuta mahali palipotajwa na kumbukumbu za kweli. Novemba 1997 walimkuta bundi yule akiwa hai. Kila askari anajua maana yake: taarifa ya uongo huwapeleka wenzako mahali ambapo kitu hakipo.

Ukweli wa daftari unahitajika Bujumbura leo kuliko jana. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake, Gatumba ikafunikwa na maji, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena hata kuingia katika nyumba na barabara za ufukweni. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga wa upande wa Kongo, hivyo mvua zikizidi miaka mfululizo, maji hujaa na kukawia. Fungu la mchanga likizama, ndege wa mdomo mwekundu hana pa kutagia. Je, atarudi maji yakipungua? Atahamia wapi? Mtu mmoja aliyekaa ofisini hawezi kujibu. Watakaojibu ni wale walioandika, mwezi baada ya mwezi, waliowaona na wasiowaona. Kwani kuandika «hakuonekana» ni taarifa pia. Katika nchi nyingi za Afrika ndege wa majini huhesabiwa kila mwezi wa Januari, na hesabu hizo hutegemea macho ya watu wa kujitolea.

Wazazi wanaotaka kuwachukua watoto wazingatie usalama kwanza. Alfajiri, ambayo ni saa nzuri ya ndege, ndiyo pia saa ambayo viboko hurudi majini kutoka malishoni. Mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji, wala asiende bila kiongozi wa hifadhi. Mamba wapo. Watoto wasioge wala kuchezea maji ya matetini, kwa ajili ya mamba na kwa ajili ya kichocho. Maji ya kunywa, maandazi, kofia na nguo za mikono mirefu vitoke nyumbani. Mtoto mmoja apewe darubini, mwingine daftari, na baada ya saa moja wabadilishane. Hivyo hakuna atakayechoka, na kila mmoja atajifunza kuona na kuandika.

Jua likishapanda na joto kuanza kutetemesha hewa juu ya maji, picha haziwi safi tena, na jamaa hurejea mjini. Aliyeona ndege watano akaandika watano amefanya kazi. Aliyeona watano akaandika kumi amewapoteza wote. Na fungu la mchanga likibaki nyuma likiwa na wazazi wametulia juu ya mayai yao, zamu ya siku hiyo imelindwa vema.