Mzazi Hana Faili

Kutoka Mazinde hadi wodi ya watoto wenye saratani Muhimbili ni zaidi ya kilomita 300. Mama huondoka na mtoto mmoja, wengine akawaacha kwa bibi yao. Matibabu ya saratani ya damu huweza kuzidi miaka miwili, ilhali wengi huaga nyumbani kana kwamba watarejea baada ya juma.

Shirika la Tumaini la Maisha huwapatia watoto hao matibabu bila malipo, na familia zitokazo mbali mahali pa kulala. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini faili ni la mtoto. Usingizi uliompotea mama, hofu yake kila damu inapopimwa, vitaandikwa wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto anapougua. Siku hizo hizo ndizo za kumzikia akifa, katika mzunguko ule ule wa likizo. Watumishi wenzangu, someni tena kifungu hicho. Na mkata mkonge anayelipwa kwa kadiri alichokata, siku asiyokata atakula nini?

Sisi majirani tuna neno moja tu: vumilia. Nalichukia neno hilo. Humnyamazisha anayetaka kulia.

Napendekeza afisa ustawi wa jamii aarifiwe siku ile ile mtoto anapopewa rufaa, asisubiri habari za msiba. Aanze kwa baba aliyebaki nyumbani, maana naye halali.