Shahada ya ushauri nasaha: Tusitazame ada peke yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, kila yatokapo matokeo ya kidato cha sita wazazi huhangaika: kijana asome nini, na fedha zitoke wapi? Kwa mtazamo wetu, shahada za afya ya jamii, ustawi wa jamii na ushauri nasaha hazijapewa uzito unaostahiki majumbani mwetu. Wengi huzihesabu kuwa kimbilio la waliokosa udaktari. Hilo si sahihi.

Nani asiyeyajua yanayotusibu mitaani? Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, lakini dawa haitoshi pasipo mtu wa kukaa na mgonjwa na jamaa zake, akawanasihi kwa elimu na kuwatunzia siri. Mama aliyefikwa na mtihani wa ndoa angependa kumweleza mwanamke mwenzake, anayefahamu talaka na eda ni nini. Tukiwazuia mabinti zetu kusoma, mwanamke huyo tutampata wapi? Bibi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) aliwauguza majeruhi wa vita vya Handaki katika hema lililopigwa kwenye msikiti wa Mtume (S.A.W.). Kazi hii si ngeni katika Uislamu.

Tuje kwenye gharama. Ada ndogo si lazima iwe gharama ndogo. Chuo cha ada nafuu kilicho mkoa wa mbali hudai pango, chakula na nauli kwa miaka mitatu, na mafunzo kwa vitendo nayo yana gharama zake. Binti wa Dar es Salaam anayekaa kwa wazazi wake na kusoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, huenda akatumia kidogo kuliko aliyekimbilia ada ya chini ugenini. Mzazi na apige hesabu ya yote, mpaka siku ya mahafali.

Kabla ya kulipa hata shilingi, tuhakikishe chuo kina ithibati: ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa chuo kikuu, na ya NACTVET kwa vyuo vya cheti na stashahada. Shahada isiyotambuliwa, hata ikiuzwa nusu bei, ni hasara tupu. Asiye na uwezo wa shahada leo aanze na stashahada, afanye kazi, kisha ajiendeleze.

Kuhusu mikopo ya Serikali, nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliwatia Waislamu wengi shaka ya riba. Nyongeza hiyo ilifutwa mwaka 2021. Basi tusikatae kwa hoja ya zamani. Tusome masharti ya sasa na tuwaulize wanazuoni kabla ya kutia saini.

Hata hivyo, si kila mwombaji hupata mkopo. Hapo ndipo tunapohojiwa sisi jamaa. Tunaochangishana mamilioni kwa harusi ya siku moja, tutashindwaje kumchangia binti yatima ada ya mwaka mmoja? Kamati za misikiti zianze mfuko mdogo, hata wa mwanafunzi mmoja.

Wabillahi tawfiq.