Kabla ya kumgombeza yaya, lichunguze bomba

Ukiamka Jumapili asubuhi ukute maji meusi yamejaa bafuni, utamlaumu nani? Mimi nilimlaumu yaya.

Wakati huo tulikuwa tumepanga nyumba ya orofa ya chini jijini Nairobi. Nilimfokea yule msichana kwamba ndiye amwagaye mabaki ya ugali kwenye sinki. Hakunijibu. Aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake.

Kwa bahati, fundi wa mabomba alifika kabla hajaondoka. Hakufungua hata mkoba wake. Aliuliza tu: "Mama, ni wapi kwingine maji hayaendi?"

Akavuta maji ya choo. Papo hapo yakapanda bafuni. Akatoka nje, akainua kile kifuniko cha simiti ambapo mabomba ya nyumba zote hukutana. Shimo lilikuwa limejaa pomoni! Alisukuma fito zake, akatoa matambara na nepi za kutupwa. Mtoto wetu alikuwa ameacha nepi zamani. Uchafu ulitoka orofa za juu, nasi wa chini tukaupokea, kwani bomba kuu likiziba, maji hutokea kwenye tundu lililo chini zaidi.

Basi msomaji, likikufika, chunguza hivi:

Kama ni sinki la jikoni pekee, kizuizi ki karibu. Mara nyingi ni mafuta ya kupikia yaliyoganda. Weka ndoo chini ya sinki, fungua ile kona ya bomba iliyopinda, uisafishe.

Kama ni choo pekee, tumia pampu ya mpira yenye mpini. Huenda mtoto ametumbukiza kitu.

Lakini choo, bafu na sinki zikigoma pamoja, au ukivuta maji ya choo bafu likigugumia, tatizo li kwenye bomba kuu. Funga mifereji yote, waombe majirani wa juu wasimwage maji, kisha mwite mwenye nyumba. Ukifunua shimo la nje ukalikuta kavu, kizuizi ki kati ya nyumba yako na shimo hilo. Likiwa limejaa, ki mbele yake.

Usikimbilie kumwaga kostiki soda. Huchoma ngozi na inaweza kupofusha macho. Bomba likiwa limeziba kabisa, dawa hiyo hutuama humo ikimsubiri fundi atakayelifungua. Ukiwa umekwisha kuimwaga, mwambie kabla hajagusa kitu.

Watoto nao waweke mbali. Maji taka hubeba kipindupindu na homa ya matumbo. Vaa glavu, piga sakafu deki kwa dawa ya kuua viini, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Na yule msichana? Nilimwomba radhi mbele ya mume wangu na fundi. Alizirudisha nguo zake kabatini, lakini ilipita wiki nzima kabla hajaniita "Mama" tena. Bomba lilizibuliwa kwa saa moja tu, msomaji. Maneno yangu yalichukua muda mrefu zaidi kusafishika.